Khalati aliyeacha kusikia harufu: kisa cha nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa

Khalati yangu, yaani dada wa mama, amepika udi kwa zaidi ya miaka 30 katika nyumba iliyo kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, na katika muda huo wote hajawahi kutumia saa. Sukari huwekwa kwenye sufuria pamoja na maji kidogo juu ya seredani yenye moto wa wastani, na shira inapoanza kuwa nzito hutiwa unga wa udi, miski, ambari na mawardi. Baada ya hapo kazi yote ni ya pua. Kuna wakati mfupi sana ambapo harufu ya sukari tupu hupotea ndani ya harufu ya udi. Ukiepua kabla ya wakati huo udi utanata vidoleni, na ukichelewa pumzi chache tu shira huungua, na kila kipande kitakachotiwa kwenye chetezo kitafukiza nyumba nzima kwa moshi wa sukari iliyoungua. Wanawake wanaoagiza kwake udi wa harusi na wa Idi hulipia, kwa hakika, uwezo wake wa kuutambua wakati huo.

Ramadhani ya mwaka 2020 uwezo huo ulimtoka ndani ya siku mbili. Ulikuwa mwezi mzito. Mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa ametangazwa nchini tarehe 13 Machi, shule ninakofundisha baiolojia ilikuwa imefungwa, na mwanzoni mwa Mei serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale. Nilikuwa nakaa kwa khalati, kwa hiyo mengi ya ninayoyaeleza hapa niliyaona mwenyewe. Alipata homa nyepesi na kichwa kilimuuma kwa siku tatu. Hakwenda kupimwa, akapona, akarudi jikoni.

Kasoro ilijitokeza kwanza kwenye mkeka wa futari. Mbaazi za nazi zilizobaki tangu daku zilikuwa zimechacha, kwa sababu tui halistahimili joto la Mombasa, naye alizipasha moto akazipakua pamoja na mahamri kama kawaida. Sisi tuliokaa mkekani tulijua kabla bakuli halijafika chini. Mwanawe alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Mimi nilijishughulisha na uji. Hakuna aliyemwambia, kwani katika nyumba zetu mtu hamwambii mama aliyeshinda na saumu jikoni kwamba chakula chake kimeharibika, na ninaamini heshima hiyo ilituchelewesha kuitambua hali yake kwa siku kadhaa. Nilipaswa kushtuka. Mpishi aliyefunga haonji ovyo, na ingawa chumvi haina harufu na huikadiria kwa mkono tu, mambo mengine ya jikoni, kama vile kitunguu kuiva, wali kushika chini ya sufuria au tui kugeuka, huyatambua kwa pua. Mpishi hodari akipakua mbaazi zilizochacha mbele ya wanawe, jambo la kuulizwa ni afya yake.

Mwenyewe aligundua kwa kazi yake. Alikuwa na oda za Idi, akabandika sufuria, akakaa kwenye kigoda akisubiri harufu igeuke, na harufu haikugeuka. Aliendelea kusubiri mpaka moshi mweusi ukapanda. Alichukua kipande cha udi wa zamani, akakiweka juu ya kaa, akainamia chetezo, kisha akamwita mwanawe kwa sauti ya chini: "Mwanangu, sisikii." Binamu yangu alidhani mamake ameziba masikio, akamjibu kwa kupaza sauti. Ikabidi arudie mara mbili: moshi auona, udi hausikii.

Siku mbili baada ya hapo, kama saa kumi na moja jioni, binti mdogo wa jirani aliletwa na bakuli la kaimati, kama ilivyo ada ya majirani kupelekeana futari. Alisimama mlangoni, akakunja uso, akasema, "Bibi, gesi yanuka." Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka pale unapoungana na jiko, na khalati alikuwa ameshika kiberiti, tayari kuwasha makaa ya seredani. Mimi nilikuwa juu ghorofani. Tulifunga mtungi, tukafungua milango na madirisha, tukakaa barazani mpaka adhana ya magharibi. Binti huyo alikuwa na miaka saba, na hakufanya lolote zaidi ya kuwa na pua nzima.

Hicho ndicho kisa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni maamuzi mangapi ya nyumba ile yalikuwa mikononi mwa hisi ambayo hatukuwahi hata kuitaja. Lugha yetu, kwa maoni yangu, imeliona jambo hili vizuri kuliko sisi wenye kuizungumza. Kitu chenye harufu kwa Kiswahili hunuka au hunukia. Kinachonukia kinakuita, kinachonuka kinakufukuza, na mtu akishatamka neno amekwisha kuchagua aende upande gani. Hata yule mtoto mlangoni hakusema kwamba kuna harufu ya gesi; alisema yanuka, na mwili wake ulikuwa umekwisha kurudi hatua moja nyuma. Kwa kiumbe chochote chenye kunusa, kazi ya kwanza ya harufu ni hiyo ya kusogea au kuepuka, na kukijua kitu kwa jina lake huja baadaye.

Gesi ya kupikia, kwa asili yake, haina harufu ya kumwonya mtu. Ile harufu mbaya tunayoijua hutokana na kemikali yenye salfa inayotiwa makusudi, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno hewani. Desturi hiyo ilipewa nguvu ya sheria baada ya msiba wa mwaka 1937 katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani, ambapo gesi asilia isiyo na harufu ilivuja chini ya shule, ikalipuka, na kuua watu zaidi ya 290, wengi wao wanafunzi. Kwa hiyo ulinzi wa kila jiko la gesi la Mombasa umejengwa juu ya dhana kwamba mwenye nyumba ananusa. Tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kabla ya kupanda, na kwa hiyo mtoto mfupi hukutana nayo mapema kuliko mtu mzima aliyesimama.

Mwili hufanyaje kazi hii? Juu ndani ya pua kuna utando mdogo wenye seli za neva zinazokutana na hewa ana kwa ana, na kila seli ina kipokezi cha aina moja. Linda Buck na Richard Axel walizitambua jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 zinazofanya kazi. Harufu moja huamsha kadhaa kwa pamoja, na ubongo huisoma ile jumla kama mtu asomavyo neno bila kutaja herufi mojamoja. Jambo lenye uzito zaidi katika kisa hiki ni njia ya habari yenyewe. Habari za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho talamasi, ilhali za pua huingia moja kwa moja katika sehemu zinazohusika na hofu, hamu na kumbukumbu. Ndiyo sababu sisi mkekani tulirudisha mikono kabla hatujafikiri lolote kuhusu mbaazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua hauko mbali na nyumba ya khalati. Ni kuvuka kivuko cha Likoni na kushika njia ya Kwale mpaka Shimba Hills. Huko wafugaji wamesumbuliwa miaka mingi na mbung'o, ambaye huwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana, na mbung'o humtafuta mnyama wa kumnyonya kwa kufuata harufu za pumzi na mkojo wake zinazochukuliwa na upepo. Watafiti wa ICIPE, kituo cha sayansi ya wadudu chenye makao yake Nairobi, walizingatia kwamba mbung'o humwepuka kuro, mnyama wa jamii ya swala, ingawa kuro ana damu kama ng'ombe na anaishi katika pori lilelile. Walizichambua harufu za kuro, wakatengeneza mchanganyiko unaofanana nazo, wakautia katika vichupa vilivyofungwa shingoni mwa ng'ombe, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2017 ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ng'ombe hakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni neno alilolisikia mbung'o hewani. Mbu wa malaria naye huongozwa vivyo hivyo na hewa tunayoitoa mapafuni na jasho la miguu yetu, na mtu aliyelala gizani bila chandarua anatangaza mahali alipo kwa kila pumzi.

Ndovu wamefika mbali zaidi, kwa sababu wao hutumia harufu kumpima mtu. Katika utafiti uliofanywa Amboseli na kuchapishwa mwaka 2007, ndovu walipewa kunusa nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kimaasai, nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kikamba, na nguo ambazo hazikuvaliwa na mtu. Waliponusa zile za Wamaasai, ambao vijana wao kwa desturi huwarushia ndovu mikuki, walikimbia zaidi, wakaenda mbali zaidi, na hawakutulia mpaka walipofika kwenye nyasi ndefu. Hawakumwona mtu yeyote. Walisoma historia ya jamii mbili katika kitambaa, wakaamua. Ndovu wa Afrika ana jeni za vipokezi vya harufu karibu 2,000, takriban mara tano ya zetu.

Kutokana na hesabu kama hiyo wengi huhitimisha kwamba pua ya binadamu ni dhaifu na kwamba kuipoteza si hasara kubwa, na mimi mwenyewe nimewahi kufundisha hivyo darasani. Nilikosea. Wachunguzi wa Berkeley, Marekani, waliwafunga watu macho na kuwaziba masikio, wakawaweka kwa magoti kwenye uwanja wa nyasi uliovutwa mstari wa harufu ya chokoleti, na wengi wao waliufuata mstari huo kwa kupinda kushoto na kulia kama mbwa anavyofanya; kwa mazoezi ya siku chache waliongeza kasi. Mtoto mchanga wa siku sita hugeuzia kichwa kitambaa chenye harufu ya ziwa la mamake na kukiacha cha mama mwingine, jambo lililoonyeshwa huko Oxford mwaka 1975. Kondoo jike humjua mwanawe kwa harufu katika saa chache za mwanzo baada ya kuzaa, na kondoo mwingine akija kunyonya humsukuma. Khalati alikuwa na mjukuu wa miezi minne wakati ule. Kila asubuhi alikuwa akimbeba na kuweka pua utosini mwake, na baada ya ugonjwa aliendelea kufanya hivyo, kisha akamrudisha kwa mkwewe mapema kuliko zamani. Alisema ni kama kubeba picha ya mtoto. Katika yote niliyoyasikia kwake, hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Bila pua ilimlazimu atafute waongozaji wengine, na wa kwanza alikuwa paka wa nyumbani. Paka huamua kula kwa harufu kabla ya ladha, na paka aliyezibwa pua hususia chakula. Mchuuzi alipoleta changu, khalati alikata kipande cha mkia, akakitupa chini, akatazama. Siku moja paka alinusa, akaondoka, na khalati akamrudishia mchuuzi samaki wote. Nilimwonya kwamba njia hiyo ina mipaka, kama pua yenyewe ilivyo na mipaka. Samaki kama jodari na nguru wakikaa juani hujenga mwilini mwao sumu iitwayo histamini, ambayo haitoi harufu ya kutahadharisha na haiondolewi na moto. Samaki wa namna hiyo anaweza kupita mtihani wa pua na kumlaza mtu kwa uvimbe na kichwa kuuma. Kwa upande mwingine, shombo la samaki wa kawaida hutokana na bakteria wanaovunja kemikali iliyomo mwilini mwake na kuigeuza mvuke. Ndimu na ukwaju huifunga kemikali hiyo isiruke hewani, na ndiyo kazi ya ndimu tunayokamulia samaki kabla ya kukaanga, ijapokuwa wengi husema ni ya kuongeza ladha tu. Kwa sababu hiyo ndimu inaweza kuficha kitu ambacho pua ilitakiwa kukijua. Khalati alikubali kuanza kutazama mashavu na macho ya samaki, na kutomnunua mchuuzi asiye na barafu.

Lakini si kila kinachonuka kinanuka kwa wote, na hapa ndipo mwanadamu anapoachana na mbung'o. Harufu ya papa mkavu, yenye ukali wa amonia kwa sababu ya urea iliyo katika nyama yake, humtoa mgeni mbio, ilhali kwetu sisi tuliolelewa nayo ni mwito wa chakula cha mchana. Tumeifunza tangu tumboni na mkekani. Vivyo hivyo tumefunzwa kuziheshimu harufu kama taratibu za kukaa pamoja. Karafuumaiti ikisikika kichochoroni, hata mtoto anajua kwamba kuna maiti anayeoshwa, na anashusha sauti. Mwanamume huenda sala ya Ijumaa akiwa amejipaka mafuta mazuri, na aliyekula kitunguu saumu kibichi anatakiwa asikaribie msikiti. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi bila manukato, na siku anapojifukiza tena udi, majirani hujua bila kuambiwa kwamba eda imekwisha. Khalati alitoka katika mazungumzo hayo yote bila kutaka. Kuna siku alijipaka haludi kupita kiasi, kwani hakuweza kusikia kipimo chake, na kuna majuma ambayo hakufukiza nyumba kabisa, na mwanamke mmoja wa mtaa akauliza kwa upole kama kuna msiba ambao hakuarifiwa.

Kliniki alikokwenda baada ya Idi aliambiwa kwamba maadamu hana homa na anapumua vizuri, ashukuru, harufu itarudi yenyewe. Sisemi kwamba walidanganya, kwa sababu kwa wengi kweli hurudi. Nasema tu kwamba hawakumuuliza anatumia moto gani kupikia, anakaa na nani, wala anafanya kazi gani. Maswali hayo matatu yangetosha kuonyesha hatari ya gesi, ya chakula, na ya riziki. Mtu aliyepoteza macho kwa ghafla hapelekwi nyumbani na shukrani peke yake.

Maelezo yaliyonipa matumaini ni kwamba virusi vya korona, kwa kadiri ilivyochunguzwa, hushambulia hasa seli zinazozihudumia zile neva za harufu, wala si neva zenyewe, na kwamba hata neva hizo ni miongoni mwa chache mwilini zinazozaliwa upya maisha yote. Kuna pia mazoezi, yaliyoelezwa mwaka 2009 na Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani: mtu hunusa harufu nne, ambazo ni waridi, limau, karafuu na mkaratusi, mara mbili kwa siku kwa majuma 12, na waliofanya hivyo walipata nafuu kuliko wasiofanya. Nilipomsomea orodha hiyo khalati aliinuka bila neno, akaenda kabatini, akarudi na tatu kati ya hizo nne. Mawardi ya mrashi, ndimu badala ya limau, na karafuu za Pemba. Mafuta ya mkaratusi tulinunua. Alifanya zoezi baada ya sala ya alfajiri na baada ya isha, macho yamefumbwa, akijitahidi kukumbuka kila harufu ilivyokuwa.

Mwezi wa tatu tangu augue, kahawa ilimgeukia. Kahawa chungu ya tangawizi aliyokunywa tangu ujana ilianza kunuka kama maji machafu, na vitunguu vya kukaanga vikafuata. Alilia, akadhani ameharibika zaidi. Kumbe neva mpya zilikuwa zinaunganika, lakini si zote zilifika mahali pake, na kemikali zenye salfa zinazotokana na kukaanga na kuchoma ndizo zinazokosewa zaidi katika hatua hiyo. Nilimshauri aepuke kahawa na avumilie, na mkwewe akahamia kupika mchuzi wa nazi usio na kitunguu cha kukaanga.

Karafuu ndiyo iliyorudi kwanza, kisha ndimu. Mpira wa gesi umebadilishwa, mtungi umehamishiwa ua wa nyuma, na hakuna anayewasha moto kabla ya mtu wa pili kuingia jikoni na kunusa. Udi ameanza kupika tena, ingawa kwa sufuria ndogo. Husikiliza povu la shira linavyopungua mlio, hutazama rangi, na wakati ukikaribia humwita yule binti wa jirani, ambaye sasa ni msichana mkubwa, aje kukaa kwenye kigoda kando yake. Binti husema, "Bado, bibi," halafu, "Bado," na anapokaribia kusema neno la tatu mkono wa khalati mara nyingi huwa umekwisha kufika kwenye mishikio ya sufuria. Waridi huisikia siku moja na kuikosa siku mbili. Asumini bado haijarudi.